Gari tupu nayo inakunywa mafuta

Watu kadhaa wameniomba niandike yale niliyoongea Moshi Jumamosi kwenye kikao cha wenye magodauni, wasafirishaji na vijana wa chuo wanaosomea ugavi. Sikuwa na karatasi siku ile, nimeyakumbuka yalivyotoka, pale nilipoongea sana mtanivumilia.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za saa hizi. Mimi natoka Arusha, mtaa wa Unga Ltd, nina godauni moja na magari sita, Fuso nne na semi mbili. Nilianza kama karani wa stoo, yule anayekaa mlangoni na kalamu sikioni anahesabu magunia yanayoingia na kutoka, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa kutoka kwangu. Mada niliyopewa inasema usafirishaji na maghala ya kijani, yaani yasiyochafua mazingira, nilivyoisoma nikacheka peke yangu, manake godauni langu limepakwa rangi ya kijani tangu linajengwa na kwa miaka mingi ndo lilikuwa godauni chafu kuliko yote mtaa ule.

Nyie watu wa Moshi mtanielewa haraka kuliko watu wa mji mwingine wowote. Kila Desemba, kuanzia kama tarehe 15 hivi, mabasi yanapanda kutoka Dar yamejaa mpaka watu wamekaa kwenye ndoo katikati, Wachaga mnarudi nyumbani, halafu basi lile lile likishawashusha hapa linateremka Dar na abiria wa kuhesabu kwa vidole na mikungu miwili mitatu ya ndizi. Januari inageuka, kuteremka kumejaa, kupanda kweupe. Kila mtu anaiona hiyo na tunataniana nayo. Sasa malori yetu yanaishi Desemba mwaka mzima na hakuna anayecheka.

Chukua semi yangu moja. Inashusha mzigo Dar, dereva anakaa siku mbili pale anatafuta mzigo wa kurudia, madalali wanamzungusha, mwishoe ananipigia anasema mama hakuna kitu, namwambia panda tu. Hapo ni kilomita mia sita na kitu mpaka Arusha imebeba hewa. Na watu wengi wanadhani gari tupu haili mafuta, inakula jamani! Kwa hizi zangu, semi iliyojaa inaenda kilomita 2 na kitu kwa lita, ikiwa tupu inaenda 3 na nusu hivi, yaani safari ya kurudi bila shilingi hata moja inakunywa karibu theluthi mbili ya mafuta ya safari yenye mzigo. Lita 180 hivi. Na kila lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, ndiyo, lita yenyewe haifiki hata kilo moja lakini kaboni yake ikikutana na oksijeni ya hewani uzito unaongezeka, kwa hiyo nimerusha angani karibu nusu tani ya moshi kwa ajili ya kurudisha bodi na matairi nyumbani.

Ndo maana mtu akiniuliza godauni la kijani linaanzia wapi, na huwa wananiuliza umefunga sola ngapi, nasema sola ni ya mwisho. Sio mbaya, nimefunga, nitaieleza mbele. Ila anza na daftari. Daftari la shilingi elfu moja lenye safu tatu tu, gari imesubiri masaa mangapi, imetembea tupu kilomita ngapi, na mzigo gani umeharibika. Mimi nilikuja kuandika hizo safu tatu baada ya miaka tisa ya biashara na wiki ya kwanza nilitamani kulifunga lile daftari nilirudishe dukani.

Nianze na kusubiri kwa sababu hapo ndo niliaibika. Kwetu magari yalikuwa yanakuja saa 2 asubuhi yote kwa pamoja, manake kila dereva anajua anayewahi ndo anashushiwa kwanza. Mlango nilionao ni mmoja. Kwa hiyo gari ya kwanza inashushwa, nyingine tano zimejipanga barabarani mpaka kwenye duka la mangi, na zote zinanguruma, sailensa, yaani injini inawaka na gari imesimama. Semi ikiwa sailensa inakula kama lita 3 kwa saa, haisogei hata mita. Nikawagombeza madereva wazime. Hawazimi. Nikabandika karatasi getini, hawazimi. Siku moja nikamkalisha mmoja mtu mzima nikamuuliza baba kwani shida ni nini, akaniambia mama hii gari nikizima haiwaki, betri imechoka tangu mwaka jana, nilimwambia karani wako akasema hela hakuna, sasa foleni ikisogea nani atanisukuma?

Nilikaa kimya kama dakika nzima. Betri mbili za semi na mafuta yaliyoungua pale getini kwa miezi yote ile, hata sikutaka kupiga hesabu. Tukanunua betri. Halafu nikaacha kuwaita wote saa 2, tukafungua grupu la WhatsApp, kila gari inapewa saa yake siku moja kabla, wewe saa 2, wewe saa 4, wewe uje saa 8 mchana ule kwanza ulale kidogo. Hamna mfumo wowote wa kununua hapo, ni simu na binti mmoja anayejua kupanga. Wiki mbili za mwanzo waliendelea kuja saa 2 wote kwa sababu hawakutuamini, na sikuwalaumu, ila walipoona anayekuja saa 8 anashushiwa kweli saa 8, foleni ikafa yenyewe. Kusubiri kukashuka kutoka masaa manne na kitu kwa gari mpaka chini ya saa moja. Mangi wa dukani alinuna, aliuza sana chai kwenye ile foleni.

Ndani ya godauni nako nilifanya kitu ambacho naomba kila mwenye stoo hapa akafanye Jumatatu, nilimfuata kuli mmoja siku nzima. Sikuwa namsimamia, namfuata tu nyuma na daftari, anapoenda naenda, anaposimama nasimama. Alijisikia vibaya asubuhi, mpaka mchana akazoea akawa ananielekeza. Nikagundua sukari na mafuta ya kula, vitu vinavyotoka kila siku, tena mara kumi kwa siku, vimekaa mwisho kabisa wa godauni, halafu pale mlangoni kuna misumari na rola za seng'enge ambazo zinatoka labda mara moja kwa wiki. Nikauliza nani alipanga hivi. Nilipanga mimi! Miaka ile nilikuwa naogopa wizi wa sukari nikaificha ndani. Kwa hiyo kila katoni ya mafuta inatembea mita 60 kuja mlangoni na mtu au foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, inarudi mita 60 mikono mitupu, Desemba ile ile, ndani ya jengo langu.

Tulihamisha Jumapili mbili. Vinavyotoka sana mbele, vinavyolala nyuma, na sukari nikaizungushia wavu wa chuma wenye kufuli. Yule Muitaliano Pareto aliona zamani kwamba sehemu ndogo ya watu ndo inashika sehemu kubwa ya mali, wenzetu wa maghala wakachukua wazo hilo wakaona stoo nazo ziko hivyo, bidhaa chache ndo zinazobeba mizunguko mingi. Kwangu bidhaa 30 kati ya karibu 200 zilikuwa zinakula siku nzima ya makuli. Huhitaji kompyuta kuzijua, muulize kuli, atakutajia bila kufikiria, mgongo wake unazijua.

Na nikitaja mgongo siwezi kuacha lumbesa. Msimu wa vitunguu vya Mang'ola nabebea wakulima na wafanyabiashara, na sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnajua lile gunia lenye kichwa juu, limeshonewa kilemba cha kamba, unaambiwa gunia moja na ndani kuna moja na nusu. Kila mtu analisema kwa sababu linamwibia mkulima, na ni kweli linamwibia. Mimi niwaambie upande wa godauni. Gunia la lumbesa halipangiki, ni duara juu, ukilaza la pili linateleza, kwa hiyo unapanga matatu kwenda juu badala ya sita, halafu nusu ya godauni lako inahifadhi hewa. Halikai kwenye paleti, ile chaga ya mbao ya kupangia mizigo. Linahitaji makuli wawili hadi watatu kulibeba na mmoja wao lazima mwaka huo ataumia kiuno. Kitunguu cha chini kinabonyea, kinatoa maji, kinaoza, kinaambukiza jirani. Halafu kitunguu kinataka hewa ipite, wewe umekishindilia kama nguo kwenye begi la safari. Nilipoanza kukataa lumbesa getini kwangu nilipoteza wateja, nisiwadanganye, wengine wakaenda kwa jirani na mpaka leo wako huko. Waliobaki tuliwagawia mifuko ya nyavu ya kilo 50 na kwenye daftari langu ile safu ya vilivyooza ikapungua kiasi kwamba karani akadhani amesahau kuandika.

Nyanya ni hivyo hivyo, tenga ni zuri kwa macho lakini la chini linabeba uzito wa yote yaliyo juu, ukifika Dar la chini ni rojo. Kreti ya plastiki inabebana na kreti yenzake, nyanya haiguswi, na inarudi kutumika tena na tena. Shida ya kreti ni kurudi, mtu anakaa nayo anafugia kuku, kwa hiyo tunachukua hela ya rehani kama chupa za soda. Nyanya iliyooza njiani imeshakula maji ya mfereji, mbolea, dizeli, na jasho la mtu wa Ngare Nanyuki, halafu inaenda jalalani inatoa gesi. Sijui kama kuna uchafuzi mbaya kuliko huo, na hakuna anayeuita uchafuzi.

Kuna baba mmoja pale nyuma ananiangalia najua ataniuliza kuhusu mizani ya barabarani inayopima malori. Sawa baba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, kwetu ikaanza kutumika Machi 2019, mwisho ni tani 56 kwa gari yenye ekseli saba, yaani ile mihimili inayoshika matairi, na kila ekseli ina kikomo chake, ile ya matairi manne ni tani 10. Wasafirishaji tulilalamika sana, na mimi nililalamika, nilikuwa kwenye kelele zile. Ila Wamarekani walifanya jaribio kule Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950, wakayazungusha malori kwenye barabara ya majaribio usiku na mchana, wakaona uharibifu wa barabara haupandi sambamba na uzito, unapanda kwa kipeo cha nne. Maana yake ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12, zile tani 2 unazoziona ndogo zinaifanya iumize lami mara mbili. Mashimo yakishatokea wote tunakanyaga breki, tunaondoka gia ya kwanza, na hakuna kitu kinachokunywa dizeli kama semi iliyojaa kuondoka gia ya kwanza. Kwa hiyo ninapimia mzigo godauni kwangu kabla gari haijakutana na mizani ya Himo, na ninapanga uzito vizuri juu ya ekseli, manake unaweza kuwa chini ya tani zako zote na bado ukapigwa faini kwa sababu vitu vizito vyote umevirundika nyuma.

Foklifti nitapita haraka. Nilikuwa na ya dizeli, nikawa naona makuli wanakohoa mpaka Jumapili wakiwa nyumbani, na mchele unarudishwa na wateja kwamba unanuka. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, lile Shirika la Afya Duniani, lilishasema mwaka 2012 moshi wa dizeli unasababisha saratani, limeuweka kundi la kwanza pamoja na sigara, na sisi tunauwasha ndani ya jengo lenye mlango mmoja. Nikanunua ya umeme, iliyotumika. Betri zake ni za asidi, zinataka kuchajiwa usiku kama masaa 8, kuongezwa maji maalumu, na chumba cha kuchajia lazima kiwe na hewa kwa sababu zinatoa haidrojeni, hapo mtu na sigara yake hakatizi. Umeme ukikatika usiku asubuhi tunarudi kwenye toroli. Hata hivyo umeme wa LUKU kwa siku nzima hauifikii bei ya dizeli ya asubuhi moja tu, na umeme wetu mwingi sasa unatoka kwenye maji, Bwawa la Nyerere, na hata hapa jirani Nyumba ya Mungu wanatoa megawati zao nane.

Kwenye baridi sasa. Hapa nina kidonda. Mwaka mmoja niliamua na mimi nipeleke parachichi, nikakodi nafasi kwenye chumba cha baridi cha jamaa mmoja, simtaji, na kosa lilikuwa la kwangu kwa sababu sikuuliza nani mwingine yumo. Humo ndani kulikuwa na ndizi. Parachichi la Hass linataka nyuzi 5 au 6 hivi, ndizi inataka kama 13, ukiishusha chini ya hapo ngozi inakuwa nyeusi, kwa hiyo yule bwana aliweka katikati, nyuzi 9 au 10, akidhani amewatendea haki wote. Ndizi zikaungua kwa baridi, na kabla hazijaungua zilikuwa zinatoa ile gesi ya kuivishia, ethilini, parachichi zangu zikaiva zote kwa pamoja kama zimeitana. Tani 4. Tulikula parachichi, majirani wakala, nguruwe wa shemeji yangu wakala, mpaka leo watoto wangu hawaligusi. Umeme wote uliotumika kwenye chumba kile wiki ile ulitumika kutengeneza chakula cha nguruwe.

Kwa hiyo kama unajenga chumba cha baridi, amua kwanza ni cha nani. Weka mapazia ya plastiki mlangoni, ni vitu rahisi kabisa na vinazuia baridi kumwagika kila mtu akipita. Uliza fundi gesi gani ya kupozea ataweka, usikubali tu anachokuja nacho, manake ile R-404A iliyoko kwenye mashine nyingi, kilo moja ikivuja inapasha dunia joto kama kilo karibu 3,900 za hewa ukaa, na ndo gesi ambazo dunia ilikubaliana Kigali Oktoba 2016 zipunguzwe. Kuna mashine za amonia, gesi yake haipashi dunia joto, ila ni sumu na inataka fundi anayejua, sio fundi wa friji za nyumbani. Na kwa mkulima mdogo wa kule kwenye ukame kidogo, kibanda chenye kuta mbili za wavu katikati mkaa, unaumwagia maji, upepo ukipita unapoza, bila umeme kabisa. Kwenye unyevu kama wa huku juu Kibosho hakitafanya kazi vizuri, hewa imeshashiba maji.

Reli, mmoja ameniuliza kwa kikaratasi hapa. Reli yetu ya kutoka Tanga ilifika hapa Moshi 1911, ikafika Arusha 1929, ikalala miaka, treni ya mizigo ikarudi Moshi 2019 na Arusha 2020. Kwa tani ile ile na kilomita ile ile treni inatumia mafuta theluthi moja au hata robo ya lori, hilo halina ubishi. Sipandishi nyanya kwenye treni. Lakini simenti, chumvi, mbolea, mabati, vitu visivyo na haraka na havinuni vikichelewa siku mbili, kwa nini vinasagia lami ya Same na Korogwe? Nasema hivi nikiwa na malori, mnielewe, najiharibia biashara mwenyewe.

Na sola niliahidi. Nilivyofunga kwanza nilibadilisha mabati kumi ya paa nikaweka yale yanayopitisha mwanga, mchana taa zote zimezimwa, kisha taa zikawa za LED, ndipo fundi wa sola akaja akapiga hesabu, akaniambia mama unahitaji nusu ya zile paneli nilizokuandikia mwaka jana. Angezifunga mwaka ule ningekuwa nawasha jua juu ya paa ili kuangazia uvivu wangu chini.

Kulikuwa na maswali, nitaandika mawili. Kijana mmoja dereva aliuliza kuhusu kuweka gia huru kwenye mteremko, kwamba madereva wa zamani wanasema inaokoa mafuta, ule mteremko wa kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu wanaufanya sana. Mwanangu, acha. Injini za sasa ukiwa kwenye gia na umetoa mguu zinakata mafuta zenyewe, matairi ndo yanaizungusha injini, ukiweka huru inabidi ichome mafuta ili isizimike, kwa hiyo unatumia zaidi, na unabaki na breki peke yake na vitunguu tani 10 mgongoni. Nimezika dereva mmoja kwa sababu ya hiyo, sitaki kulizungumza sana.

La pili mzee mmoja akasimama akauliza, haya yote mazuri, sasa makuli wataenda wapi? Nilikuwa na makuli 14, sasa wako 11, wawili wamekuwa waendesha foklifti, mmoja anapanga zile saa za magari na yule binti. Hakuna niliyemfukuza. Lakini mzee wangu, sijaajiri mpya tangu hapo, hilo nalo ni la kweli, na vijana wanakuja getini kila asubuhi kuniuliza.

Basi nisiwachoshe, naona chakula kimeshaletwa. Kabla hamjainuka nina tangazo moja. Fuso yangu imeshusha hapo Pasua tangu saa 4 asubuhi na inarudi Arusha jioni hii, tani 10, iko tupu kabisa, na mimi baada ya maneno yote haya siwezi kuonekana naondoka nayo hivyo. Mwenye mzigo anifuate hapo mlangoni, bei tutaelewana.